Foleni ya Vipimo Isiyo na Daftari

Hotuba kwa wajumbe wa kamati za usimamizi wa vituo vya afya na zahanati, Mtwara mjini. Imeandikwa kutoka kwenye kinasa sauti na kufupishwa kidogo.

Mwenyekiti wa kikao, waganga wafawidhi, wajumbe kutoka Newala, Tandahimba, Masasi, Nanyumbu na ninyi wenyeji wa Mtwara Mikindani, pamoja na wenzetu wa Lindi mlioanza safari kabla ya alfajiri: assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie athari za UVIKO-19 kwenye huduma za vipimo. Mimi ni mteknolojia wa mionzi. Kazi yangu ni kupiga picha, kuanzia eksirei na altrasaundi mpaka CT-Scan. Si daktari. Kwa hiyo yeyote aliyekuja na picha yake ya kifua kwenye mfuko wa plastiki akitumaini nitamsomea wakati wa chai, pole sana, sitasoma. Na mfuko wenyewe ulipigwa marufuku tangu 2019.

Nina jambo moja tu la kuwaambia. Janga lile liliacha foleni ndefu ya watu wanaosubiri vipimo. Kuna nchi ambazo urefu wa foleni hiyo unajulikana, kwa sababu iliandikwa. Huku kwetu Kusini haikuandikwa, na kwa kuwa hatuioni kwenye makaratasi tunadhani haipo. Ipo. Imekaa majumbani, na ninyi wajumbe wa kamati ndio mnaoishi nayo jirani.

Nianze mbali kidogo, kwa Waingereza, maana wale wana tabia ya kuandika kila kitu. Katika huduma yao ya afya ya umma, upande wa England, mgonjwa aliyeandikiwa kipimo kama CT, MRI, altrasaundi au kamera ya tumboni anatakiwa akipate ndani ya wiki 6. Wanaopitiliza hapo wasizidi asilimia 1 ya wote wanaosubiri. Mwezi Mei 2020, zaidi ya nusu ya waliokuwa wakisubiri walikuwa wameshapitisha hizo wiki 6. Na foleni yao ya matibabu yasiyo ya dharura, ambayo Februari 2020 ilikuwa na majina kama milioni 4.6, iliendelea kurefuka hadi Septemba 2023 ikapita milioni 7.7. Nasema majina kwa sababu mtu mmoja anayesubiri goti na jicho anahesabiwa mara mbili.

Sasa ziangalieni hizo tarehe. Chanjo wao walianza kuchoma Desemba 2020. Mwaka 2022 viwanja vya mpira vimejaa, hospitali ziko wazi, madaktari wako kazini. Mbona foleni inaendelea kukua mpaka 2023?

Chukueni kalamu tupige hesabu. Namba hizi ni za mfano, msije mkasema nimetoa takwimu za hospitali ya mtu. Mashine ina uwezo wa kupima watu 30 kwa siku. Wanaokuja kwa siku ni 28. Hapo hakuna foleni; anayekuja leo anapimwa leo, na mteknolojia anapata muda wa kunywa chai. Mashine ikasimama miezi mitatu, tuseme siku 65 za kazi. Watu 28 mara siku 65 ni 1,820. Siku ya 66 mashine inawaka, wote mnapiga makofi. Lakini siku hiyo wanakuja wapya 28 kama kawaida, kwa hiyo nafasi inayobaki kwa wale wa zamani ni ya watu 2. Gawanyeni 1,820 kwa 2. Ni siku 910. Mwaka una siku 260 hivi za kazi, kwa hiyo mnazungumzia miaka mitatu na nusu, kwa sababu ya kusimama miezi mitatu! Na hapo umeme usikatike, kipuri kisiharibike, na mteknolojia mwenyewe asiende likizo ya uzazi.

Huo ni mfano wa mashine iliyorudi na nguvu zake zote. Wakati wa janga haikurudi hivyo. Mgonjwa anayekohoa akitoka chumbani, lazima ufute kitanda kwa klorini, ufungue madirisha, usubiri hewa ibadilike, uvue glavu na aproni, uvae nyingine, ndipo umwite anayefuata. Kwa mwendo huo ukipata watu 20 kwa siku umejitahidi, na wale 28 wanaendelea kuja. Foleni inaongezeka watu 8 kila jioni huku mlango uko wazi na taa zinawaka. Kamera ya tumboni ndiyo iliyopata tabu zaidi, kwa sababu mgonjwa anakohoa na kutapika karibu kabisa na uso wa daktari. Uingereza, mwongozo wa Machi 2020 ulikuwa kusitisha karibu kamera zote isipokuwa za dharura.

Na haikuwa Uingereza peke yake. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki liliuliza hospitali 909 katika nchi 108 kuhusu vipimo vya moyo. Aprili 2020 vilikuwa vimeshuka kwa asilimia 64 ukilinganisha na Machi 2019. Moyo, ndugu zangu! Ugonjwa ambao haujui kusubiri. Kifua kikuu nacho: duniani kote waliogunduliwa na kuandikishwa mwaka 2019 walikuwa milioni 7.1, mwaka 2020 wakawa milioni 5.8. Hakuna anayeamini kwamba kifua kikuu kilipungua kiasi hicho ndani ya mwaka mmoja. Wagonjwa walikuwepo, wakikohoa nyumbani na watoto wao chumba kimoja.

Turudi kwetu.

Mgonjwa wa kwanza Tanzania alitangazwa 16 Machi 2020. Siku iliyofuata shule zikafungwa. Ila tofauti na nchi nyingi, sisi hatukufungiwa ndani. Soko liliendelea, boti ziliingia, misikiti na makanisa yalijaa, na msimu wa korosho ulipofika watu walipeleka mzigo mnadani. Ndiyo maana kila nikizungumzia foleni ya vipimo kuna mtu ananiuliza: kama hatukufunga, hiyo foleni ilitoka wapi?

Ilitoka kwa watu waliojifungia wenyewe dhidi ya hospitali. Nilikuwa kazini wakati huo. Benchi la nje ya chumba cha altrasaundi, mahali ambapo kwa kawaida akina mama wanabanana mpaka mwingine anakaa juu ya ndoo yake, lilikuwa tupu saa tatu asubuhi. Mtaani maneno yalikuwa mamoja: ukikohoa mbele ya nesi umekwisha, unapelekwa karantini, ndugu zako watakuona kwenye mfuko. Watu wakajifukiza nyungu nyumbani. Mimi sina ugomvi na nyungu, hata bibi yangu alitulea nayo. Tatizo ni kwamba nyungu haioni uvimbe kwenye ini.

Pia, tusifichane, imani kwenye kipimo chenyewe iliyumba. Mwanzoni mwa Mei 2020 takwimu zilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na baada ya hapo kukawa kimya. Siku hizohizo hayati Rais Magufuli alieleza habari ya sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa maabara. Sitaingia kwenye mabishano hayo, wengine humu mna vyama vyenu na mimi nataka nifike nyumbani salama. Nasema kilichotokea kwenye dirisha la mapokezi: mtu anaambiwa kapime damu, anacheka, anasema mtanipa majibu ya papai. Anaondoka. Alitakiwa kupima sukari.

Wapo pia waliokuja, nasi tukawarudisha. Kliniki zilipunguzwa watu ili wasibanane, tarehe zikasogezwa. Shirika la Afya Duniani lenyewe, Aprili 2020, lilishauri nchi ziahirishe kwa muda kampeni za kugawa dawa na kuwapima watu vijijini kwa magonjwa yasiyopewa kipaumbele. Kwa Mtwara na Lindi maana yake mnaijua: matende na mabusha. Mwanaume wa pwani mwenye busha ana ustadi wa kulificha chini ya kikoi miaka kumi. Anapopata ujasiri wa kujitokeza, halafu anaambiwa subiri kwanza, huyo hamtamwona tena mpaka mkamtafute.

Niwaonyeshe mgonjwa mmoja, bila jina wala kijiji chake. Mama wa makamo, alikuja na karatasi ya kipimo aliyoifunga kwenye pindo la kanga. Alipoifungua, ilikuwa imekatika kwenye mikunjo, vipande vinne vimeshikana kwa nyuzi za karatasi tu, na wino wa tarehe umefifia. Nikaupeleka mwangani. Juni 2020. Alikuwa ameandikiwa altrasaundi ya tumbo. Yeye alikuja baada ya malipo ya korosho ya msimu wa 2021, na kwa maelezo yake alikuwa yuko ndani ya muda, kwa sababu hakuna aliyemwambia karatasi ina mwisho. "Baba, niliambiwa nije nikapime, nimekuja." Nilimpima. Kilichokuwa mle tumboni hakikuwa kidogo tena, na nikamwandikia daktari ripoti siku ileile.

Nataka mjiulize: mama huyu alikuwa kwenye foleni gani? Kwenye vitabu vya kule alikotoka, alihudumiwa na kupewa rufaa, safu imejazwa, kazi imekwisha. Kwetu hakuwepo kabisa mpaka siku aliyoingia mlangoni. Zaidi ya mwaka mzima alikuwa akisubiri na hakuna karatasi hata moja nchini iliyosema kuna mtu anasubiri, isipokuwa ile iliyokuwa kwenye kanga yake.

Sitaki nionekane sina shukrani kwa yaliyofanyika. Mambo yalibadilika 2021. Rais Samia aliunda kamati ya wataalamu, chanjo ikazinduliwa 28 Julai, na Oktoba zikaja zile shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Wengi mnazikumbuka kwa madarasa, lakini sehemu yake ilikwenda kwenye mashine, zikiwemo CT-Scan za hospitali za rufaa za mikoa. Mwaka huohuo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo ikaanza kupokea wagonjwa. Kabla ya hapo, wagonjwa wengi wa CT huku kwetu walikuwa wa Muhimbili: kilomita zaidi ya 550, basi, msindikizaji, na mahali pa kulala kwa ndugu ambaye naye amechoka kupokea wageni wa hospitali. Kipimo kikasogea. Hilo ni jambo kubwa na nalisema bila kupepesa macho.

Lakini kipimo kiliposogea, kusubiri kulihamia sehemu nyingine. Kupiga CT ya kichwa ni dakika chache. Kuisoma kunahitaji daktari bingwa wa mionzi, na mabingwa hao nchi nzima ni wachache, wengi wao wako Dar es Salaam. Picha inasafiri kwa mtandao, mtandao unakatika, bingwa ana picha za mikoa mingine mezani, na mgonjwa wa Nanyumbu yuko gesti Mtwara anahesabu hela ya kula. Siku ya tatu anarudi kwao bila majibu. Kwenye kumbukumbu zetu huyo amepimwa. Kwenye maisha yake bado hajapimwa.

Halafu kuna nauli. Kutoka Masasi mpaka hapa ni kama kilomita 200, na Masasi ni mjini. Wengi wenu mnatoka ndani zaidi, kwanza bodaboda ndipo basi. Ndugu zangu wa Newala, mlioko juu mlimani, mkishuka huku mnalalamikia joto kuliko mnavyolalamikia nauli, lakini najua nayo inauma. Mkulima wa korosho akiandikiwa kipimo mwezi Machi, mfukoni hana kitu mpaka Oktoba au Novemba. Anayepanga foleni yetu ni mnada.

Na vipo vipimo ambavyo havihitaji mashine wala safari, lakini navyo vililala. Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii. Uchunguzi wake wa awali unafanyika kituoni, kwa asidi ya siki, taa, na macho ya nesi aliyefundishwa, na majibu yanatoka dakika hizohizo. Mwanamke aliyeahirisha 2020 na hajakumbushwa mpaka leo, huyo foleni yake haimalizwi na CT-Scan yoyote.

Sasa nifike kwenye ombi langu.

Katika vyama vyenu vya msingi, korosho ikifika ghalani inapimwa, kilo zinaandikwa, mkulima anaondoka na stakabadhi, na mnada ukichelewa kila mtu anajua ni kilo ngapi zimelala ghala gani na tangu lini. Kilo mbili zikipotea kikao kinavunjika. Naomba mtu anayesubiri kipimo aandikwe kwa ukali huohuo.

Kila zahanati na kituo kiwe na daftari moja la waliopelekwa kupima mahali pengine. Jina, simu ya mgonjwa na simu ya jirani (maana simu ya mgonjwa huwa haina chaji), kipimo alichoandikiwa, halafu tarehe tatu: aliyoandikiwa, aliyopimwa, na ile majibu yaliporudi kwa aliyemtuma. Wengi wataishia tarehe ya kwanza, na hao ndio foleni yenu. Na mkiona kati ya tarehe ya kwanza na ya pili pana miezi, shida ni nauli au bei au woga, kamati inaweza kufanya kitu. Mkiona mtu amepimwa mapema lakini majibu hayarudi, shida iko kwetu hospitalini, tupigieni kelele. Bila hizo tarehe tutaendelea kuomba mashine hata pale ambapo mashine siyo iliyokwama.

Najua nesi mmoja pale nyuma ananiangalia kwa jicho baya. Ana vitabu vya MTUHA, yaani vya takwimu za huduma za afya, vya kutosha kujengea ukuta, nami namwongezea kingine. Dada yangu, MTUHA inahesabu waliohudumiwa, na katika vituo nilivyopita safu ya rufaa inaishia pale mgonjwa anapotoka mlangoni. Hili linaanzia hapo. Kwa zahanati ya kawaida ni mistari michache kwa wiki, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kuchukua orodha ya waliokwama na kuwapitia nyumbani akiwa kwenye ziara zake za kawaida.

Kuna mambo mawili msiyaachie hewani. Daftari likae kwa mganga mfawidhi, limefungiwa. Kamati ipewe hesabu bila majina. Kijiji ni kidogo. Habari kwamba fulani ametumwa kupima kizazi au makohozi ikifika kisimani, mwakani hakuna atakayekubali kuandikwa. La pili, foleni isifuate tarehe peke yake. Anayetoa damu chooni na kukonda hawezi kukaa nyuma ya mwenye goti la miaka minane eti kwa sababu goti lilitangulia. Waingereza walipozidiwa na foleni ya kamera za utumbo, walitumia kipimo kidogo cha choo kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho, ili wajue nani aingie kwanza. Sisi mganga aweke alama nyekundu pembeni mwa jina. Kalamu nyekundu ipo kila mahali.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura ya UVIKO-19 tarehe 5 Mei 2023. Wengine mtasema ni habari ya zamani, tuna kipindupindu na malaria za kushughulikia. Sawa. Lakini rudini kwenye ile hesabu yetu ya 1,820, na mkumbuke kwamba wa kwetu hawakuwahi hata kuanza kupunguzwa, kwa sababu hakuna aliyewaita. Anzeni na wa nyuma: fungueni vitabu vya 2020 na 2021, tafuteni waliopewa rufaa ya kipimo, mpelekeni mtu akawaulize. Baadhi watakuwa wamepona, baadhi wamehama, baadhi mtaoneshwa makaburi yao. Watakaobaki waandikeni ukurasa wa kwanza.

Daftari la kurasa mia moja halihitaji kibali cha mtu, hela ya kamati inatosha. Mwenyekiti, nimemaliza. Kuna mzee wa upande wa kulia amenyoosha mkono tangu nilipotaja mabusha, naomba tuanze na swali lake.